Chuo cha jamii ukiwa bado haiskuli, AP, early college au kusubiri: njia ipi inamfaa mtoto wako Marekani?

Kila mwaka kati ya Januari na Machi, haiskuli nyingi za Marekani huwapa wanafunzi fomu ya kuchagua masomo ya mwaka unaofuata. Hapo ndipo simu zinapoanza kupigwa kwenye familia zetu, kuanzia Columbus na Louisville hadi Des Moines, Dallas na Portland ya Maine: "Kaunsela kaniambia mwanangu anaweza kusoma chuo bure akiwa bado haiskuli. Ni kweli? Na hii AP nayo ni kitu gani? Nitie saini wapi?"

Ni kweli. Katika mwaka wa masomo 2022–23, wanafunzi wa haiskuli wapatao milioni 2.5 walisoma angalau somo moja la chuo, na wengi wao walisoma kupitia vyuo vya jamii, yaani vile vyuo vya umma vya miaka miwili vyenye ada nafuu. Katika vyuo hivyo, karibu mwanafunzi mmoja kati ya watano bado hajamaliza haiskuli. Shida ni kwamba fomu ni moja na njia ni nne, na kaunsela mwenye mamia ya wanafunzi hawezi kukaa na kila mzazi mpaka aelewe.

Nimekaa mezani na wazazi wengi tukizisoma fomu hizi, na mambo mawili nayarudia kila mara. Krediti, yaani pointi za chuo anazopata mtoto kwa kufaulu somo, haina thamani mpaka ipokelewe kule anakokwenda. Na gredi ya chuo haifutiki, hata kama aliyeipata alikuwa na miaka 15. Ukiyashika hayo mawili, kuchagua kunakuwa rahisi zaidi.

Vipimo vya kulinganishia

Njia zote nne nitazipima kwa maswali yaleyale. Gharama: nani analipa ada, vitabu na nauli? Mlango: anaingiaje, na Kiingereza chake kinatosha? Mzigo: wiki yake itakuwaje? Krediti: zitapokelewa wapi? Na mwisho, swali ambalo matangazo ya shule hayalitaji sana: mambo yakienda vibaya, nini kinamfuata?

Kwanza hesabu kidogo. Somo la kawaida la chuo ni krediti 3. Shahada ya miaka miwili ni krediti 60, ya miaka minne ni 120. Kwa takwimu za 2024–25 za College Board, shirika linalosimamia pia mitihani ya AP, ada ya wastani ya mwaka mzima katika chuo cha jamii ilikuwa dola 4,050 kwa mkazi wa eneo hilo, na katika chuo kikuu cha umma ilikuwa dola 11,610 kwa mkazi wa jimbo. Ukigawa kwa krediti 30 za mwaka, somo moja ni kama dola 405 upande mmoja na dola 1,160 upande wa pili. Masomo manne aliyoyapata bure akiwa haiskuli, yakipokelewa chuo kikuu cha umma, ni zaidi ya dola 4,600 ambazo hamtazitoa. Neno la kuangalia hapo ni "yakipokelewa".

1. Masomo ya chuo cha jamii ukiwa bado haiskuli

Mpango huu una jina lake katika kila jimbo. Minnesota, iliyokuwa ya kwanza kuuweka kwa jimbo zima mwaka 1985, huuita PSEO. Ohio ni College Credit Plus, Washington ni Running Start, North Carolina ni Career and College Promise, na Texas watu husema dual credit. Wazo ni moja: mtoto anasoma somo la chuo, na somo hilo linahesabiwa pande mbili, kwenye diploma ya haiskuli na kwenye rekodi ya chuo.

Kuna namna tatu za kulisoma, na fomu mara nyingi haizitenganishi vizuri. Anaweza kwenda kampasi na kukaa na wanafunzi watu wazima. Anaweza kubaki shuleni kwake akafundishwa na mwalimu wa haiskuli aliyeidhinishwa na chuo. Au anaweza kusoma mtandaoni. Hii ya mtandaoni ndiyo inayoonekana rahisi, na kwa niliyoyaona ndiyo inayowaangusha vijana wengi, kwa sababu hakuna anayewauliza mbona hawakuja. Kwa somo la kwanza kabisa, ningemshauri kijana aanzie shuleni kwake kama nafasi ipo.

*Gharama.* Hapa jimbo ndilo linaloamua. Minnesota, Ohio na Florida, mwanafunzi wa shule ya umma anayesoma katika chuo cha umma hadaiwi ada wala vitabu. Washington husamehe ada ya masomo, lakini vitabu na makato mengine hubaki kwa familia, na wenye kipato kidogo huombewa msamaha. Maine hutoa hadi krediti 12 bure kwa mwaka. Texas ina mpango wa FAST tangu 2023, unaowalipia wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo katika vyuo vilivyojiunga nao. Yako pia majimbo ambako mzazi hulipa mwenyewe. Msaada wa serikali kuu, kama Pell Grant, haupo kwa mtu ambaye bado yuko haiskuli, kwa hiyo jimbo lisipolipa, hapo hakuna mlango wa pili. Na usisahau nauli. Somo la bure kwenye kampasi isiyofikiwa na basi si la bure. Minnesota hurudisha gharama ya usafiri kwa familia zenye kipato kidogo, lakini lazima uombe.

*Mlango.* Kwa kawaida ni darasa la 11 na 12, ingawa Ohio hufungua tangu darasa la 7. Florida hutaka GPA, yaani wastani wa gredi, ya 3.0 kwa masomo ya kitaaluma. Vyuo vingi huangalia GPA au humpa mtoto mtihani wa kupima kiwango, kama ACCUPLACER, na Texas wana TSIA2. Mtihani huu una sehemu ya kusoma na kuandika Kiingereza, na hapo watoto wetu wengi waliofika juzijuzi hukwama. Kukwama hapo si mwisho wa safari. Mara nyingi somo la hesabu lina mlango wake, na mtoto aliyesoma hesabu vizuri Goma au Kigoma anaweza kuingia huko wakati Kiingereza bado kinajengeka. Masomo ya fani nayo, kama kuchomelea vyuma, ufundi wa viyoyozi au uuguzi msaidizi, huwa na masharti mepesi zaidi. Minnesota, kwa mfano, mwanafunzi wa darasa la 10 huanza kwa somo moja la fani.

*Mzigo.* Kanuni ya vyuo ni saa mbili za kujisomea kwa kila saa ya darasani. Somo la krediti 3 basi ni saa 9 kwa wiki. Masomo mawili ni saa 18 juu ya haiskuli.

Siku ya kwanza profesa anagawa silabasi, karatasi nne au tano. Ukurasa wa pili unasema kazi iliyochelewa haipokelewi, na kwamba anayekosa vipindi vinne gredi yake inashuka. Hakuna atakayeyarudia maneno hayo tena. Kuanzia hapo kila kitu kiko kwenye Canvas, ule ukurasa wa mtandaoni wa darasa, na kazi ya wiki inafungwa Jumapili saa 5:59 usiku. Sasa fikiria nyumba ambayo mama anaingia zamu ya usiku, dada mkubwa ndiye anayewalaza wadogo, na Jumapili yote mpaka jioni ni kanisani. Mtoto huyo anaweza kabisa, nimewaona wakifanya hivyo, lakini familia lazima ikubaliane mapema kwamba saa fulani haitumwi kitu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wazazi wetu hushangazwa nalo. Kwa sheria ya FERPA, inayolinda siri za rekodi za wanafunzi, mtu akishakuwa mwanafunzi wa chuo, rekodi za chuo ni zake, hata akiwa na miaka 16. Ukimpigia profesa kuuliza maendeleo ya mwanao, atakwambia hawezi kuzungumza nawe. Mwambie mtoto asaini kibali chuoni, au mzoee kuifungua Canvas pamoja kila Jumatano. Vilevile, mtoto mwenye mpango wa IEP shuleni, yaani wa msaada maalumu kwa mwenye ulemavu, ajue kwamba mpango huo hauendi naye chuoni. Ataomba usaidizi upya katika ofisi ya chuo inayowahudumia wenye ulemavu.

*Krediti.* Njia hii ina nguvu kubwa zaidi ndani ya jimbo lako, kwenye vyuo vikuu vya umma. Texas ina msingi wa krediti 42 unaohama kutoka chuo cha umma kimoja hadi kingine. Ohio ina Ohio Transfer 36. Florida hutumia namba zilezile za masomo katika vyuo vyote vya umma. Mkivuka mpaka wa jimbo, makubaliano hayo hayawafuati, na kila chuo huamua chenyewe. Vyuo vikuu binafsi vinavyochagua wanafunzi wachache mara nyingi hukataa krediti za namna hii, hasa kama somo lilifundishwa shuleni au lilishahesabiwa kwenye diploma.

Halafu kuna mtego ambao nautaja kwa kila mzazi. Kupokelewa kuna maana mbili. Chuo kinaweza kuipokea krediti kama somo linalotakiwa kwenye shahada ya mtoto, au kuipokea kama somo la ziada lisilopunguza chochote. Kijana anayetaka uhandisi akija na krediti 30 za saikolojia, historia ya muziki na mawasiliano, chuo kinaweza kuzipokea zote na bado kumwambia una miaka minne mbele yako, kwa sababu uhandisi unapimwa kwa kalkulasi, fizikia na kemia. Masomo yaliyo salama zaidi ni uandishi wa Kiingereza, hesabu ya kiwango cha chuo na sayansi yenye maabara. Ukitaka kuhakikisha, fungua tovuti ya Transferology, andika chuo na somo, uone vyuo vingine vinalihesabu vipi.

*Mambo yakienda vibaya.* F au D ya chuo inakaa kwenye rekodi ya chuo maisha yote, na mara nyingi inashusha GPA ya haiskuli pia. Kama somo lenyewe lilikuwa ndilo Kiingereza cha darasa la 12, kulifeli kunaweza kuzuia hata kuhitimu. Akirudi baadaye kusoma kwenye chuo hichohicho, gredi hizo zinaweza kuhesabiwa katika kipimo cha maendeleo kinachoamua kama ataendelea kupata msaada wa fedha. Ohio, wilaya ya shule inaweza kuidai familia gharama za somo lililofeliwa, isipokuwa familia zilizotambuliwa kuwa na kipato kidogo.

Wazazi wanaoota daktari wasikilize hili kwa makini: fomu ya AMCAS, inayotumika kuomba vyuo vingi vya udaktari Marekani, hutaka kila somo la chuo ambalo mtu amewahi kusoma, hata lile la haiskuli, na gredi zake zinaingia kwenye GPA. C ya baiolojia ya darasa la 11 itakuwa mezani miaka sita baadaye.

Kinga ipo. Kila muhula una tarehe ya mwisho ya kujitoa. Akijitoa kabla yake, rekodi huonyesha W badala ya F, na W moja haimharibii mtu maisha. Iandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani siku ileile mnayosaini fomu.

*Inamfaa nani.* Kijana anayejisimamia, mwenye usafiri au somo lililo shuleni kwake, anayepanga kwenda chuo cha umma ndani ya jimbo au kuchukua cheti cha fani. Pia yule aliyechoshwa na haiskuli, anayefanya vizuri zaidi akichukuliwa kama mtu mzima.

2. AP

AP ni masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa haiskuli, chini ya College Board, tangu 1955. Mtoto anasoma mwaka mzima, anafanya mtihani Mei, anapata alama kati ya 1 na 5.

*Gharama.* Darasa lenyewe halilipiwi katika shule ya umma. Mtihani wa 2025 ulikuwa dola 99. Familia zenye kipato kidogo hupunguziwa, na wilaya nyingi za shule hulipa kiasi kilichobaki. Hakuna nauli, kwa kuwa somo liko palepale shuleni.

*Mlango.* Hakuna mtihani wa kuingia, ingawa shule inaweza kutaka mwalimu akupendekeze. Mtoto akiambiwa "hii ni ngumu kwako" kwa sababu tu ametoka darasa la wanaojifunza Kiingereza, mzazi ana haki ya kuomba mkutano na kuuliza sababu.

Kisha kuna nafasi ambayo familia nyingi za Kongo na Burundi huiacha ipite. Mtihani wa AP unaweza kufanywa hata na asiyesoma darasa lake, na Kifaransa kimo. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kifaransa Bukavu au Bujumbura anaweza kuomba kufanya mtihani wa AP wa lugha na utamaduni wa Kifaransa. Mle ndani atasikiliza, atasoma, ataandika na atazungumza, tena kuhusu maisha ya jamii zinazotumia Kifaransa. Huyu hana haja ya kukisia kutoka vitabuni. Vyuo vingi humpa aliyepata 4 au 5 krediti za zaidi ya somo moja. Maombi hufanywa vuli, mapema sana kabla ya Mei, kwa hiyo muulize kaunsela Septemba. AP ya Kiswahili haipo. Lakini majimbo mengi yana tuzo ya Seal of Biliteracy, ya wanaomudu lugha mbili, iliyoanzia California, na pale wilaya inapokubali mtihani wa Kiswahili, tuzo hiyo huandikwa kwenye diploma.

*Mzigo.* Kasi ni kubwa na kusoma ni kwingi, hasa historia na fasihi. Ila somo linaenda mwaka mzima, siku tano kwa wiki katika shule nyingi, na mwalimu anamwona mtoto kila mara. Kwa mwenye Kiingereza kinachokua, muda huo una maana kubwa kuliko muhula wa wiki 15 wa chuo.

*Krediti.* AP inajulikana nchi nzima. Vyuo vikuu vya umma vya Texas, Ohio na Florida kwa kawaida hutoa krediti kuanzia alama 3. Vyuo vinavyochagua sana hutaka 4 au 5, na vingine humruhusu mtoto kuruka somo la mwanzo bila kumpa krediti. Faida nyingine ni kwamba vyuo hivyo huipima AP kwa urahisi wakati wa kuamua nani aingie, kwa sababu mtihani ni uleule kila mahali.

*Mambo yakienda vibaya.* Alama 1 au 2 haiingii kwenye rekodi yoyote ya chuo. Mtoto ndiye anayeamua kuituma au kutoituma. Gredi ya darasani inabaki kwenye haiskuli tu. Ubaya wake ni kwamba kazi ya miezi tisa inapimwa kwa saa chache za Mei. Akiamka na homa, au insha ya dakika 40 ikimshinda kasi, anabaki na gredi nzuri ya darasa bila krediti yoyote.

*Inamfaa nani.* Anayelenga chuo kikuu binafsi au cha nje ya jimbo, anayefanya mitihani vizuri, familia inayoweza kuhama jimbo, na mwenye Kifaransa kizuri.

3. Early college

Hii ni haiskuli nzima iliyojengwa juu ya ushirikiano na chuo, mara nyingi ndani ya kampasi yenyewe. Mtoto huingia darasa la 9 na baada ya miaka minne au mitano anaweza kutoka na diploma pamoja na shahada ya miaka miwili. North Carolina peke yake ina zaidi ya shule 100 za aina hii, na Texas nazo ni nyingi.

*Gharama* kwa kawaida ni sifuri kwa upande wa ada. *Mlango* ndio mwembamba: maombi hufanywa mtoto akiwa darasa la 8, nafasi ni chache, na shule nyingi huchagua kwa bahati nasibu. Nyingi zinatafuta hasa watoto ambao wazazi wao hawakusoma chuo, kwa hiyo msijiengue wenyewe. Aliyefika Marekani akiwa na miaka 16 mara nyingi anakuta mlango umefungwa.

*Mzigo* unapanda polepole, na hapo ndipo shule hizi zinapoizidi njia ya kwanza. Kuna walimu wa kumshika mkono, masomo ya kujifunza kuwa mwanafunzi wa chuo, na wenzake wote wako safari moja. Kwa upande mwingine, nyingi ni ndogo na hazina timu za michezo, na kijana ambaye mpira ndio unaomfanya aamke asubuhi ataliona pengo hilo. *Krediti* ziko chini ya sheria zilezile za chuo cha jamii, nguvu ndani ya jimbo na mashaka nje yake. *Mambo yakienda vibaya*, gredi ni za kudumu vilevile, ila kuna watu wengi zaidi wa kuona mapema kwamba anazama.

Njia hii ina ushahidi mzuri. Utafiti wa American Institutes for Research ulilinganisha waliopata nafasi kwa bahati nasibu na walioomba wakakosa, ukakuta kwamba waliopata walijiunga na vyuo na kupata shahada kwa wingi zaidi. *Inamfaa* mtoto wa darasa la 8 ambaye nyumbani hakuna aliyewahi kusoma chuo, na ambaye yuko tayari kuachana na haiskuli ya kawaida na mambo yake.

4. Kumaliza haiskuli kwanza

Kusubiri ni chaguo halali, na inaumiza kuona mzazi akilionea aibu. *Gharama:* akishahitimu, raia, mwenye kadi ya ukazi wa kudumu au aliyeingia kama mkimbizi anaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu, na Pell Grant ya juu kwa 2025–26 ni dola 7,395, kiasi kinachozidi ile ada ya wastani ya chuo cha jamii. Kwa familia yenye kipato kidogo, chuo cha jamii baada ya haiskuli kinaweza kuwa karibu bure vilevile. *Mlango* uko wazi kwa karibu kila mhitimu, na chuo kina madarasa ya Kiingereza kwa wageni. *Mzigo* wa sasa unabaki wa haiskuli tu. *Krediti* hazipatikani mapema, hiyo ndiyo bei yake. *Mambo yakienda vibaya*, hakuna rekodi ya chuo iliyochafuka.

*Inamfaa* mtoto aliyefika karibuni, anayehitaji mwaka mmoja wa kushika Kiingereza na kupona kutokana na safari ndefu, au anayefanya kazi jioni kusaidia kodi ya nyumba.

Kwa hali yako

Mtoto hajamaliza miaka miwili tangu afike Marekani na bado yuko kwenye madarasa ya Kiingereza kwa wageni: mwache asimame kwanza. Akiwa na kiu, mpeni somo moja tu la hesabu au fani, lifundishwe shuleni kwake. Kama ana Kifaransa, mwandikisheni mtihani wa AP wa Kifaransa.

Anataka uuguzi: chuo cha jamii kinamfaa sana, na kozi ya uuguzi msaidizi ni mwanzo mzuri, mkiulizia umri unaokubaliwa jimboni kwenu. Ila anatomia na fiziolojia aisome atakapokuwa na nafasi ya kutosha katika wiki yake. Programu za uuguzi huziangalia gredi za masomo hayo kwa ukali, na nyingi hazipokei yaliyosomwa zamani sana.

Anataka udaktari, uhandisi au chuo kikuu kikubwa binafsi: ningeanza na AP za hesabu na sayansi. Masomo ya chuo ayaongeze pale haiskuli yake inapoishia, kwa mfano amemaliza kalkulasi na hakuna darasa lingine.

Mnahamahama kwa ajili ya kazi, leo Texas, mwakani Iowa: AP inasafiri vizuri zaidi. Mkichukua ya chuo, chukueni uandishi wa Kiingereza na hesabu, mtunze silabasi ya kila somo, kwa sababu chuo kipya kinaweza kuiomba kabla ya kuamua.

Ana miaka 18 au 19 na ndio kwanza yuko darasa la 11: masomo yanayohesabiwa pande mbili yanamwokolea muda kweli. Ulizeni pia umri wa mwisho wa kubaki haiskuli jimboni kwenu kabla ya kupanga.

Mko darasa la 8: peleka maombi ya early college hata kama huna uhakika. Nafasi ikipatikana unaweza kuikataa, lakini isiyoombwa haiji.

Ada inalipwa na jimbo lakini hamna gari: chukueni tu yale yanayofundishwa shuleni, mpaka mmejaribu basi la kwenda kampasi saa zilezile za darasa.

Hadhi ya familia bado iko kwa wakili: msaada wa fedha wa majimbo na wa serikali kuu una masharti tofauti, na tangu 2025 kumekuwa na mabadiliko kuhusu nani anastahili programu zipi. Muulize wakili kabla ya kujaza fomu ya chuo, na mwulize kaunsela kwa maneno haya: "Somo hili linalipwa na nani, na fomu hii inaomba taarifa gani za familia?" Kama jibu halieleweki, AP iko ndani ya haiskuli yenyewe, ambako kila mtoto ana haki ya kusoma tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe.